Maswali na Majibu: Mpiga Picha wa Kazi za Wenzake

Mwezi huu nimeziweka kando barua nyingine ili nijibu nne zinazohusu jambo moja, yaani kupiga picha kazi za wasanii. Zimetoka Mwananyamala, Tabata, Msasani na Mbagala, na walioziandika hawajuani, lakini kila mmoja ameligusa jambo hili kutoka upande wake. Nimezifupisha bila kubadili maana.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Mwananyamala. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipiga picha za harusi na mahafali. Mwaka jana wachoraji wawili niliokutana nao Nafasi Art Space, kule Mikocheni, waliniomba niwapigie kazi zao picha ili wazitume kwenye maonyesho ya nje, na tangu hapo wenzao wamekuwa wakiniita. Kazi hii naipenda kuliko harusi. Hata hivyo kaka yangu, ambaye ndiye aliyeninunulia kamera, anasema ninapoteza muda, kwa kuwa picha ya mchoro ni nakala tu na mwenye kunakili kazi ya mtu hawezi kupata jina lake mwenyewe. Je, yupo mpiga picha aliyeyajenga maisha yake kwa kupiga kazi za wenzake na akaheshimika? Naomba unisimulie habari zake.
Msomaji, Mwananyamala

JIBU

Marahaba, binti yangu. Wapo, na badala ya kukutajia majina kumi nitakusimulia maisha ya mmoja, kwa sababu yeye mwenyewe alihangaika na neno hilohilo la kaka yako hadi karibu na kufa kwake. Huyo ni Ugo Mulas, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1928 huko Pozzolengo, katika mkoa wa Brescia, na kufariki mjini Milan mwezi Machi 1973 akiwa na umri wa miaka 44.

Mulas hakwenda Milan kutafuta kamera. Alifika mwaka 1948 kusoma sheria, lakini miguu ikazoea njia ya Bar Jamaica, mkahawa ulio karibu na Chuo cha Sanaa cha Brera, ambako wachoraji, waandishi na wapiga picha vijana walikuwa wakikutana. Hapo ndipo alipoazimwa kamera kuukuu pamoja na somo lake lote la kwanza: juani, sehemu moja ya mia ya sekunde na tundu la lenzi kwenye 11, kivulini, sehemu moja ya ishirini na tano na tundu kwenye 5.6. Mengine alijifunza mwenyewe. Wapiga picha wengi wa Kariakoo wa rika langu tulifundishwa vivyo hivyo, kwa maneno mawili matatu kisha tukasukumwa barabarani, kwa hiyo kila niisomapo habari hiyo huona kama nasoma habari za nyumbani.

Mwaka 1954 alikwenda kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, na tangu hapo hadi 1972 hakuacha kuyapiga picha. Fikiri juu ya uvumilivu huo: miaka 18, awamu baada ya awamu, akiwafuata watu walewale huku wanazeeka na kazi zao zinabadilika. Anayezitazama picha zake haoni michoro iliyotundikwa ukutani peke yake. Anawaona wasanii wakingoja, wageni wakizunguka, na kazi zikitafutiwa mahali pa kukaa. Mwaka 1968 wanafunzi waliandamana Venice kuipinga Biennale, polisi wakajaa katika uwanja wa San Marco, na baadhi ya wasanii wakazigeuza picha zao zikatazama ukuta kwa kuunga mkono maandamano. Mulas alikuwepo. Mtu wa kunakili tu angesema kwamba siku hiyo hakuna cha kupiga, maana michoro imegeuzwa; yeye alielewa kuwa habari ya siku hiyo ilikuwa uwanjani na kwenye migongo ya picha.

Kabla ya hapo, mwaka 1962, yalifanyika maonyesho ya sanamu katika mitaa ya mji wa Spoleto, na mchongaji wa Marekani David Smith akapewa karakana za chuma zilizokuwa hazitumiki huko Voltri, karibu na Genoa. Smith alitengeneza sanamu 27 kwa siku 30. Mulas alimfuata humo karakanani, katikati ya vyuma chakavu, na picha zake zinaonyesha jambo ambalo sanamu zikishasimama mjini haziwezi tena kulionyesha, kwamba zimezaliwa kutokana na mabaki ya kiwanda, na kwamba aliyeziunganisha alikuwa kwanza fundi wa kuchomelea. Ukipita Gerezani, ambako mafundi hukata mapipa na kuyafanya majiko na masanduku, utaelewa nisemacho: ukiliona jiko sokoni umeliona jiko tu, lakini ukiliona likitoka ndani ya pipa umeiona akili ya fundi.

Mwaka 1964 alifika New York, na kwa msaada wa mfanyabiashara wa sanaa Leo Castelli na mhakiki Alan Solomon milango ya wasanii ikamfungukia. Alirudi mara kadhaa, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake juu ya wasanii wa mji huo, ambamo wamo Robert Rauschenberg, aliyekuwa ameshinda tuzo kuu ya uchoraji ya Venice mwaka 1964, Jasper Johns, Roy Lichtenstein, Barnett Newman, Andy Warhol na wengine. Hakuwapiga wote kwa namna moja. Kwa mchoraji ambaye nguvu ya kazi yake imo katika mkono na rangi, aliufuata mkono hatua kwa hatua. Kwa Marcel Duchamp, ambaye kwa miaka mingi watu walimjua kama msanii aliyeiacha sanaa akacheza sataranji, Mulas alipiga picha za mtu asiyefanya lolote: ameketi, anatembea. Aliona kwamba kutofanya ndiko kulikokuwa msimamo wa mzee huyo, basi picha nazo zikawa za kutofanya. Hapo utaona kwamba kabla ya kuinua kamera alikuwa ameshaisoma kazi ya mwenzake, na picha ndiyo iliyokuwa namna yake ya kuisoma kwa sauti.

Sasa tulifikie neno la kaka yako. Kati ya 1968 na 1972, na kwa sehemu ya muda huo akiwa mgonjwa, Mulas alitengeneza mfululizo alioupa jina la Verifiche, yaani Uhakiki. Kazi ya kwanza ya mfululizo huo aliitoa kwa heshima ya Nicéphore Niépce, Mfaransa ambaye picha aliyoipiga kutoka dirishani kwake katika miaka ya 1820 ndiyo ya zamani zaidi kati ya picha za kamera zilizosalia. Mulas alichukua filamu nzima ambayo haikupigwa kitu, akaisafisha, akavipanga vipande vyake juu ya karatasi na kuitoa picha. Kwa kuwa wewe umeanza na kadi za kumbukumbu, niruhusu nieleze: filamu isiyopata mwanga hutoka angavu baada ya kusafishwa, na ukiilaza juu ya karatasi na kuimulika, karatasi hugeuka nyeusi. Zikatoka nafasi 36, nyeusi zote, isipokuwa ule mkia wa filamu ambao mpiga picha huuvuta ili aupachike ndani ya kamera. Mkia huo ulikuwa umepata mwanga, kwa hiyo kwenye karatasi ulibaki mweupe.

Mimi sijui picha nyingine inayoonyesha kwa uaminifu kama huo mahali anapoanzia mpiga picha. Mtu aliyetumia karibu miaka 20 kuzitazama kazi za wengine aliisafisha filamu tupu ili aone kamera yenyewe, bila mchoro wa mtu wala uso wa mtu, imebakiza nini. Ilibakiza alama ya mkono ulioipachika filamu. Maelezo yake juu ya mfululizo huo yalitoka katika kitabu mwaka uleule aliofariki, na leo Verifiche hutundikwa kwenye maonyesho kama kazi ya sanaa iliyo kamili, yenye jina lake yeye.

Kuhusu riziki, kaka yako ana hoja, nami sitakuficha. Mulas hakuishi kwa Biennale. Alipiga pia picha za mitindo, za matangazo na za michezo ya kuigiza. Usiziache harusi. Lakini usikubali kwamba upande mmoja wa kazi yako ni kazi na mwingine ni kupoteza muda.

Nina ushahidi ulio karibu kuliko Milan. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoingia Jangwani, rafiki yangu mchoraji alipoteza kazi zote zilizokuwa chumbani kwake. Nilimwendea siku ya tatu. Mbao laini zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, rangi imeinuka na kujikunja, na kwenye ubao mmoja lilikuwa limesalia jicho la ndege na kipande cha bawa lake. Baada ya wiki mbili alikuja kwangu Magomeni, nikazitoa bahasha za negativu za picha nilizokuwa nimezipiga kazi zake, akawa anaushika ukanda mmoja mmoja kuuelekeza dirishani huku anahesabu kwa sauti. Alizikuta kazi 41. Aliporudi kuchora hakuzinakili. Aliniambia kwamba anazitazama ili akumbuke alikuwa akifikiri nini. Msomee kaka yako aya hii.

SWALI

Ndugu Mjibu, salaam aleikum. Katika toleo lililopita uliandika, katika mstari mmoja, kwamba zile picha mashuhuri za Lucio Fontana akichana kitambaa kwa wembe zilipangwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka mingi nimewaonyesha wanafunzi wangu picha hizo nikiwaambia kuwa wanaiona kazi ikizaliwa. Sasa najisikia nimewadanganya. Je, mpiga picha anayejiita mweka kumbukumbu ana haki gani ya kupanga?
Mwalimu, Tabata

JIBU

Waaleikum salaam, Mwalimu. Mstari mmoja haukutosha, na kosa la kufupisha ni langu, kwa hiyo nieleze jambo lenyewe lilivyokuwa.

Fontana, aliyezaliwa Argentina mwaka 1899 na kufanya kazi Italia, anajulikana kwa kuchana kitambaa cha mchoro kwa mkato mmoja au kadhaa. Mwaka 1964 Mulas, huyuhuyu niliyemweleza msomaji wa Mwananyamala, alitaka kumpiga picha akiufanya mkato. Fontana akamweleza kwamba angeweza kutoboa matundu mbele ya kamera bila wasiwasi, lakini ule mkato mkubwa ulihitaji utulivu ambao asingeupata huku mtu anazunguka nyuma yake. Ilimlazimu aketi na kitambaa kitupu kwa muda mrefu, na wembe ulipopita kitambaani kazi ilikuwa imekwisha.

Wakakubaliana kufanya hivi. Kwenye picha za mwanzo kitambaa ni kizima, na Fontana amekielekezea wembe mahali ambapo mkato ungeanza. Kwenye za mwisho kitambaa kilikuwa kimeshachanwa zamani, naye ameushusha mkono mpaka mwisho wa mkato kana kwamba ndiyo kwanza amemaliza. Katikati ya hizo mbili, pale ambapo kila mtazamaji anaamini ameona kitambaa kikichanika, hakuna kitu.

Ungeweza kukasirika, Mwalimu, na ungekuwa na sababu. Lakini tazama jina ambalo Fontana alizipa kazi hizo: Attesa, yaani kusubiri. Mulas alielewa kwamba tendo la mkono lilikuwa dogo, na kwamba kazi yenyewe ilikaa katika ule muda wa kusimama mbele ya kitambaa kabla ya kuthubutu. Kama angefanikiwa kumvizia Fontana na kuupata mkato halisi, tungepata picha ya mtu anayechana kitambaa, kitu ambacho fundi cherehani yeyote hufanya kila siku. Kwa kupanga alipata picha ya kusubiri. Tena yeye mwenyewe aliieleza siri hiyo kwa maandishi; hakuwaachia wengine waigundue.

Upangaji si wa namna moja, wala sitetei wote. Mwezi Oktoba 1960, huko Fontenay-aux-Roses karibu na Paris, Harry Shunk na János Kender walimpiga picha Yves Klein akijirusha kutoka juu ya ukuta kuelekea barabarani kana kwamba anaruka angani. Chini walikuwepo watu wameshika turubai la kumdaka, kisha picha mbili zikaunganishwa ili watu hao na turubai vifutike, ibaki barabara tupu na mpanda baiskeli anayekwenda zake. Hapo picha haikuweka kumbukumbu ya kazi ya Klein. Hiyo picha ndiyo iliyokuwa kazi ya Klein. Wanafunzi wako wakiziweka hizi mbili kando kwa kando, Mulas na Fontana upande mmoja, Klein na wapiga picha wake upande wa pili, watajifunza mengi kuliko walivyojifunza walipoamini kila kitu.

Mimi naona kwamba kosa huwa katika maelezo yanayoandikwa chini ya picha, nami nilitenda kosa hilo zamani. Nilikuwa Mwenge kumpiga picha mchongaji wa vinyago. Nilifika amekwisha kuchonga, kinyago cha mpingo kimeshapigwa msasa na kupakwa rangi ya viatu, kinang'aa. Nikamwomba ashike tezo akiinue juu ya kinyago kama vile anachonga. Akakubali kwa heshima ya mgeni. Picha ikachapishwa na maneno kwamba mchongaji yuko kazini, na mchongaji mwingine akaniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kama nimewahi kumwona mtu mwenye akili timamu akipiga tezo juu ya kinyago kilichokwisha kung'arishwa. Sikuwa nimejua kwamba tezo ni ya mwanzo, patasi hufuata, kisha tupa, na msasa ni wa mwisho. Mulas alipanga kwa sababu alielewa kazi ya Fontana. Mimi nilipanga kwa sababu sikuielewa kazi ya yule mzee. Tofauti hiyo ndiyo ningependa uwafundishe vijana, na picha za Fontana uendelee kuwaonyesha.

SWALI

Mzee wetu, shikamoo. Nachora Tingatinga, na duka letu liko Msasani. Siku hizi wateja wanaomba picha kwa simu kabla hawajanunua. Nikipiga, mng'ao mweupe unakaa katikati ya mchoro, na mara mbili mteja amepokea mzigo akalalamika kwamba rangi si zile alizoziona. Nifanyeje bila kununua vifaa vya gharama?
Mchoraji, Msasani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Tatizo lako linatoka kwenye rangi yenyewe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya ubao laini, na nyinyi mliomfuata mmebaki na rangi hiyo kwa sababu ndiyo inayozipa picha zenu uhai. Uso wake ni kama kioo, na mwanga unaoupiga kutoka upande mmoja hutoka kwa pembe ileile upande wa pili. Ukisimama mbele ya mchoro na kuwasha fleshi ya simu, mwanga huenda moja kwa moja ubaoni na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuizima fleshi.

La pili, usipige juani. Toa mchoro nje asubuhi au jioni, uuegemeze mahali penye kivuli kinachopokea mwanga mwingi wa anga kutoka kando, kama barazani, huku upande ulio mbele ya mchoro, yaani nyuma yako, pakiwa na giza kidogo. Hapo wengi hukosea: wanafikiri mng'ao ni jua, kumbe kinachoonekana kwenye rangi ni ukuta mweupe ulio nyuma ya mpiga picha, au shati lake. Vaa nguo nyeusi. Njia bora zaidi ni kununua doti moja ya kaniki, uikate tundu dogo la kupitisha lenzi, na vijana wawili waishike ikiwa imetandazwa kati yako na mchoro, bila kuuzuia mwanga unaotoka kando. Kaniki haiakisi kitu, na weusi wa rangi yako utatoka mweusi, hautakuwa wa kijivu. Nimeitumia mimi mwenyewe kwa miaka mingi, na huitandaza pia nyuma ya vinyago vya rangi nyepesi. Kwa mpingo sitandazi kaniki, kwa maana nyeusi juu ya nyeusi humeza ukingo, na kitambaa cha kijivu hufaa zaidi.

Usisogee karibu mno, kwa sababu lenzi ya simu ikikaribia hupinda mistari na mchoro wa mraba hutoka umetuna kama mto. Rudi hatua tatu, simu iwe katikati ya mchoro kwa kimo na isiinamishwe. Kuhusu rangi, weka karatasi nyeupe safi kando ya mchoro, ndani ya picha. Kwenye programu ya kurekebisha picha ifanye karatasi hiyo iwe nyeupe kweli, na rangi nyingine zote zitakaa mahali pake. Karatasi hiyo uikate baadaye. Usiongeze ukali wa rangi ili kumvutia mteja. Mteja wako alilalamika kwa sababu hiyo, sivyo?

Lakini kuna jambo ambalo hukuniuliza, nami naliona ni kubwa kuliko mng'ao. Kila mchoro unaouza, ugeuze upige picha na mgongo wake, palipo na sahihi, mwaka na vipimo kama umeviandika, na kama hujaviandika, anza leo. Tingatinga alichora kwa takribani miaka minne tu, kwa maana alifariki mwaka 1972, na ubao zake nyingi ziliondoka nchini mikononi mwa wageni waliozinunua Oysterbay. Anayetaka kuifahamu kazi ya mwanzilishi wa mtindo wenu hulazimika kuzitafuta katika majumba ya watu ng'ambo, na kubishana ni ipi ya mkono wake na ipi ya wanafunzi wake. Kama pale barazani angekuwepo mtu mwenye kamera akazipiga moja moja, mbele na nyuma, kabla hazijafungwa kwenye magazeti, leo mabishano hayo yangekuwa machache. Wewe kamera unayo mfukoni.

SWALI

Ndugu Mjibu, nikimpigia mchoraji picha za kazi zake na akanilipa, picha hizo ni mali ya nani? Tumegombana kwa sababu nimeziweka kwenye ukurasa wangu.
Mpiga picha, Mbagala

JIBU

Ndugu yangu, hapo pana haki mbili juu ya kitu kimoja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inautambua mchoro kuwa kazi yenye ulinzi, na inaitambua picha ya kamera vilevile. Mchoraji hawezi kudai kwamba wewe hukufanya kitu, nawe huwezi kuutumia mchoro wake kana kwamba ni mti wa barabarani. Ulipaswa kumwomba ruhusa kabla ya kuziweka, kwa hiyo nakushauri uanze kwa kumwomba radhi, kisha mwandikiane. Mkishindwa kuelewana, COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kuendea.

Maandishi hayo yasizidi ukurasa mmoja: majina yenu, orodha ya kazi zilizopigwa, mchoraji atazitumia wapi, wewe utazitumia wapi, malipo ni kiasi gani, na kila picha itakapochapishwa majina yote mawili yaandikwe, la mwenye mchoro na la aliyeupiga. Ongezeni kipengele kimoja ambacho watu hukisahau, cha nani atazitunza picha wewe ukifariki. Harry Shunk, niliyemtaja juu, alifariki New York mwaka 2006, akaacha lundo la picha na negativu zaidi ya laki mbili za wasanii wa zama zake. Zilinusurika kwa sababu taasisi ya Roy Lichtenstein ilizinunua mwaka 2008, ikazipanga na kuzigawa kwa makumbusho na vituo vya utafiti vya Marekani, Ufaransa na Uingereza. Hapa kwetu sijaona taasisi inayokwenda kununua mabegi ya mpiga picha wa Mbagala baada ya matanga, na hadi diski iliyokaa mwaka mzima kwenye unyevu wa pwani huenda isifunguke. Kwa hiyo nakala moja ya mafaili yote mpe mchoraji siku hiyohiyo unapomaliza kazi, kwenye flashi yake mwenyewe, na kila faili liwe na jina la mchoro, vipimo vyake na mwaka uliochorwa.